Kuokoa kanda za zamani za vipindi vya shule

Ukikuta boksi la kanda za video za VHS, zenye vipindi vya televisheni vya shule, kwenye stoo ya shule, Kisumu au Kakamega, usikimbilie kuzijaribu. Kanda iliyokaa miaka 30 bila kuchezwa inaweza kutoka stoo nzima, ikafia ndani ya deki, ile mashine ya kuchezea kanda. Anza kwa kuvunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi akafuta kilichomo.

Halafu mulika dirisha la kanda kwa tochi. Ukiona unga mweupe au nyuzi nyeupe ukingoni mwa utepe, hiyo ni kuvu, na unyevu wa kando ya Ziwa Victoria huipendeza sana. Itenge. Ukiicheza, kuvu itabaki kwenye deki na kuhamia kanda zote zitakazofuata. Ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na pakiti za silika zinazonyonya unyevu kwa wiki mbili hivi, kisha uifute kavu nje, ukiwa umevaa barakoa. Kama ganda limepasuka, fungua skrubu tano zilizo chini, uhamishie utepe kwenye ganda zima. Utepe uliokatika uungwe kwa gundi-utepe ya kazi hiyo. Selotepu ya dukani huvuja gundi ikaziba vichwa vya deki, yaani sehemu zinazosoma utepe.

Vichwa vyenyewe visafishwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Lowesha karatasi isiyoacha nyuzi, iegemeze kwenye ngoma ya vichwa, ile silinda inayovibeba, bila kukandamiza, halafu zungusha ngoma kwa mkono. Usisugue juu-chini hata mara moja: vichwa ni vyembamba na huvunjika. Pamba za masikio huacha nyuzi zinazonasa humo humo.

Sasa peleka kanda mbele hadi mwisho, uirudishe yote, ndipo uinakili. Unganisha deki na kompyuta kupitia kifaa cha kunasa video cha USB. Kosa la kawaida ni mpangilio: Kenya ilitumia mfumo wa televisheni wa PAL, picha 25 kwa sekunde, lakini programu nyingi huanza na mfumo mwingine, NTSC. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe au ikiviringika, angalia hapo kabla ya kulaumu kanda. Weka ukubwa wa picha kuwa pikseli 720 kwa 576. Kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja hula takriban GB 3.6, na kanda ya E-180 ina saa tatu.

Hifadhi faili kama MKV, si MP4. Stima ikipotea katikati, MP4 isiyofungwa vizuri huwa haifunguki, lakini MKV hubakiza kilichokwisha kunaswa. Deki nayo ikizimika ikiwa na utepe ndani, usiivute kanda. Ngoja umeme urudi, uiache iitoe yenyewe.

Usikate matangazo wala kipande cha habari kati ya vipindi. Pengine hicho ndicho chenye thamani kuliko somo la hesabu lenyewe, tena husaidia kujua mwaka. Jina la Voice of Kenya, shirika la utangazaji la taifa, linaelekeza kabla ya 1989, lilipobadilika kuwa KBC. Nembo ya KIE, chuo cha kutayarisha mitaala, ni ya kabla ya 2013, chuo hicho kilipokuwa KICD. Mwalimu akitaja CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kipindi kilitayarishwa kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985. Ila vipindi vya shule vilirudiwa, kwa hiyo dalili hizi zinaonyesha umri wa kipindi tu, si siku kanda iliporekodiwa. Tarehe hiyo itafute kwenye lebo iliyoandikwa kwa mkono, uipige picha kabla gundi yake haijabanduka.

Nakala mbili kwenye diski tofauti, moja isikae shuleni. Kuziweka mtandaoni ni jambo jingine: hapo omba ruhusa ya mwenye kipindi kwanza.