Kung'oa magneti ya pikipiki: soma uzi kwanza, pula baadaye

Wakuu, hii habari ya magneti kugoma kutoka inajirudia sana, na mara nyingi shida siyo kutu wala nguvu, ni mtu kashika kifaa ambacho siyo chake. Magneti (wengine rota, wengine flaiwili, kitu ni kile kile: lile gurudumu lenye sumaku linalozungushwa na engine kutoa umeme) haishikwi na nati peke yake. Imevalishwa kwenye ncha ya krenki (shafti kuu ya engine) iliyochongoka, huku pana kule nyembamba, na nati ikishakazwa vyuma viwili vinabanana kiasi kwamba unafungua nati yote na magneti bado haijatikisika. Hapo ndo pula, yaani kifaa cha kung'olea, inapoingia, sasa pula ziko za aina aina.

Usikimbilie dukani kwanza. Chomoa betri, kama magneti yako inalala kwenye oili mwaga oili, halafu fungua kava la kushoto taratibu, maana kwenye engine ambazo koili zimefungwa kwenye kava ile sumaku inavuta na kava linaweza kurudi na kidole chako kikiwa katikati. Chukua kitambaa na petroli kidogo, safisha pale katikati mpaka uone uzi (ile mistari ya skrubu) vizuri, mulika na tochi ya simu.

Ukiona nati imezama ndani ya tundu pana lenye uzi mwembamba kwenye kuta zake, hapo unataka pula ya kuzungusha iingie ndani, ile yenye mwili wa uzi kwa nje na bolti ya kusukuma katikati. Skuta zenye engine ya GY6 ya 50cc ni 24 kwa 1 (upana milimita 24, na milimita 1 kutoka mstari mmoja wa uzi hadi mwingine), uzi wa kawaida. Motokrosi nyingi za Kijapani kama Yamaha YZ na Kawasaki KX ni 27 kwa 1 lakini uzi wa kushoto, yaani unakaza kwa kuzungusha kushoto. Na hapa kwenye kupima watu wanapigwa sana: ukiingiza kalipa (kifaa cha kupimia upana) kwenye tundu la 27 inakusomea kama 26, kwa sababu umepima vichwa vya uzi siyo mabonde yake, unaenda kununua ya 26 na mbaya zaidi pula za 26 zipo kweli, kwa hiyo muuzaji anakupa bila hata kuuliza. Kwa uzi wa milimita 1 ongeza kama 1 kwenye ulichopima, kwa uzi wa 1.5 ongeza kama 1.6. Kujua kushoto au kulia, simamisha pula wima mbele ya macho: mistari ikipanda kwenda kulia ni uzi wa kawaida, ikipanda kwenda kushoto ni wa kushoto.

Kama badala ya nati kuna bolti, na ukiitoa unaona tundu la magneti lina uzi wake mkubwa kuliko ile bolti, basi pula yako ni bolti nene tu, 14, 16, 18 au 20 zenye uzi wa 1.5 ndo zinakutwa sana. Honda za zamani kama CB750 mafundi walikuwa wanachomoa ekseli ya nyuma wanaitumia kama pula, inaingia sawasawa kabisa. Ila angalia ncha ya hiyo bolti, ikiwa nyembamba itazama kwenye uzi wa krenki na kuuharibu, na krenki siyo bei ya bolti. Tumbukiza kwanza kipande cha chuma kigumu kiwe kinga.

Zipo pia zenye uzi kwa nje ya kitovu, hizo zinataka pula ya kuvalisha kama kofia. Na ukiona matundu matatu yenye uzi yamezunguka kitovu unaweza kutumia pula ya sahani na bolti tatu, lakini hakikisha siyo matundu ya bolti zinazoshika klachi ya stata (ile inayounganisha stata na engine) upande wa nyuma, ukivutia pale unang'oa kingine kabisa.

Pula ya miguu mitatu, ile ya kuvutia beringi, mimi siikubali kwenye magneti. Inavuta kwenye ukingo wakati imebana katikati, matokeo yake ribiti zinalegea au bakuli la magneti linapinda. Patasi na nyundo sitaki hata kuongelea, sumaku zinapasuka na krenki inaweza kutoka kwenye mstari.

Ukishapata pula sahihi, paka grisi kwenye uzi, ingiza mwili wa pula kwa MKONO mpaka mwisho. Ikikaza baada ya mizunguko miwili tu toa, siyo size yake au imeingia upande, usilazimishe na spana. Magneti ishike kwa mkanda wa kushikia au kishikio chake maalumu, siyo bisibisi iliyochomekwa kwenye matundu. Kaza bolti ya katikati mpaka iwe ngumu kweli, kisha gonga KICHWA cha bolti kwa nyundo, pigo moja kavu, siyo magneti. Isipotoka kaza tena kidogo, gonga tena. Ikiachia unasikia "tak!" na bolti inalegea ghafla. Moto wa gesi usiweke, sumaku inapoteza nguvu na sili ya krenki nayo inaungua.

Kabla ya kurudisha, pangusa ndani ya magneti maana vipande vya chuma vinajinasisha kwenye sumaku na wewe huvioni, cheki ile kii ya nusu mwezi (kichuma kinachopanga magneti kwenye krenki) kama haijakatika, kisha ncha ya krenki na tundu la magneti vyote viwe vikavu, bila grisi wala oili, ndo ukaze nati.