SOMO: Namna ya kupanga mfumo unaobeba blogu za watu wengi

Wakuu salama? Vijana wengi hapa Dar wanapewa kazi ya mfumo wa blogu, mteja ajisajili apate jina lake aanze kuandika, halafu utakuta mtu kwa kila mteja anafungua folda mpya na databesi mpya. Wateja kumi sawa, wakifika mia tano siku ya kufanya apdeti utajuta. Twende taratibu.

HATUA YA 1: Programu moja, databesi moja
Chukulia nyumba ya kupanga ya Manzese, paa moja, kila mpangaji na mlango wake. Weka jedwali la blogu, kila blogu ina namba, na majedwali mengine yote (posti, komenti, picha) yabebe kolamu ya hiyo namba. Hapa usilegeze, kila ombi linaloenda databesi liwe na namba ya blogu, ukisahau sehemu moja tu mteja wa Mbezi anafungua dashibodi anakutana na rasimu za mteja wa Temeke. PostgreSQL (programu ya databesi) toka toleo la 9.5 inaweza yenyewe kuficha mistari isiyo ya blogu husika, ila programu isiingie kama mmiliki wa jedwali, maana mmiliki anapita bila kukaguliwa mpaka umlazimishe. Indeksi ya kuzuia viungo (jina la posti kwenye anwani) kujirudia nayo iwe ya namba ya blogu pamoja na kiungo, la sivyo wa pili kuandika "kuhusu-mimi" anagonga ukuta.

HATUA YA 2: Jina ndo linakuambia nani kaja
Kwenye DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) weka rekodi ya nyota (*), majina yote madogo yaangukie seva yako. Brauza ikija inataja jina kwenye hedi ya Host, programu inalitafuta, inapata namba ya blogu, kazi inaendelea. Let's Encrypt wanatoa cheti cha nyota (cha https, kinachofunika majina yote madogo) bure tangu 2018, ila unathibitisha kwa DNS tu, na kinafunika ngazi moja. Majina kama www, admin na mail yafungie mapema kabla mjanja hajayawahi.

Halafu dashibodi ikae domeni tofauti kabisa na blogu. Mnaona Blogger wanavyofanya, unaandikia blogger.com ila blogu inatoka blogspot.com? Ukimruhusu mteja kuweka skripti zake kwenye domeni ileile watu wanayologin, umempa nafasi ya kuchezea kuki zao (alama zinazoonyesha wameshalogin).

HATUA YA 3: Keshi, hapa ndo penyewe
Blogu inaandikwa mara chache inasomwa mno. Keshi ni nakala ya muda inayotolewa haraka bila kuuliza databesi. Memcached yenyewe, programu ya keshi, ilitengenezwa 2003 na Brad Fitzpatrick sababu mtandao wake wa blogu, LiveJournal, ulikuwa unazidiwa. Mtu akiposti linki ya matokeo ya NECTA, maelfu wanafungua ukurasa uleule, sasa kwanini databesi iulizwe swali lilelile? Hifadhi ukurasa uliokwisha pikwa.

Shida ni kuufuta ukibadilika, maana posti moja mpya inagusa ukurasa wa mwanzo, kategoria, kumbukumbu za mwezi, na fidi (orodha ya posti mpya). Usianze kuwinda mmoja mmoja. Kila blogu ipe namba ya toleo ndani ya Redis (hifadhi ya haraka ya kwenye memori), na ufunguo wa keshi uwe hivi (namba ya blogu, toleo, kiungo):

417:v12:/pilau-ya-nazi

Mwandishi akibonyeza chapisha, v12 inakuwa v13, kurasa zote za zamani hakuna anayeziuliza tena, zinajifia zenyewe muda wake ukiisha. Na aliyelogin asipewe keshi kabisa.

HATUA YA 4: Picha
Zisikae kwenye diski ya seva ya programu, siku ukiongeza seva ya pili nusu ya picha hazionekani. Peleka stoo ya mafaili iliyo nje, kuzipunguza saizi kufanyike kwenye foleni ya nyuma, basi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Mkuu mbona WordPress ya blogu nyingi inampa kila mtu majedwali yake?
Jibu: Kweli, utaona wp_2_posts, wp_3_posts na kuendelea. Kila blogu majedwali kama kumi, blogu elfu moja ni elfu kumi. Inawezekana, ila bekapu na mabadiliko ya muundo jiandae kisaikolojia.

Mdau wa Kigamboni: Mteja akija na .co.tz yake?
Jibu: Ya www aelekeze kwa CNAME (rekodi ya DNS inayoelekeza jina kwenye jina lingine), ile tupu bila www atumie rekodi ya A (inayoelekeza jina kwenye namba ya IP ya seva) maana CNAME haikai pale. Cheti Caddy (programu ya seva ya wavuti) inaweza kukichukua mteja anapofungua mara ya kwanza, ila iambie iulize databesi kwanza kama domeni ni ya mteja wako kweli, bila hivo mtu atakuelekezea midomeni ya ovyo mpaka ufikie kikomo cha vyeti.

Mdau wa Mbagala: Na idadi ya wasomaji, si kila anayefungua lazima uandike databesi?
Jibu: Usithubutu. Ongeza moja kwenye Redis, kila dakika kazi ya nyuma inakusanya inaandika mara moja. Ila ukurasa ukitoka keshi ya mbele (iliyo kabla ya programu) programu yako haijui kama kuna mtu kasoma, kwa hiyo hesabu ije na kiskripti kidogo kinachopiga hodi pembeni.