Peptidi ya kuziba antibodi: namna ya kuitumia kwa protini za matriki

Bandugu, mukiwa na antibodi ya kolajeni ao ya MMP-9 (protini za matriki, ule wavu wenye kuzunguka seli; MMP-9 ni enzaimu yenye kuukata) na kwa membreni ya Western blot (karatasi yenye kushika protini zenye zilitenganishwa kwa geli) munaona mistari mine wakati mulitafuta moja, musikimbilie kuitupa. Peptidi ya kuziba njo kale kipande kafupi ka protini, mara mingi asidi amino 10 mpaka 20, kenye walidunga sungura ili atoe ile antibodi. Ukikachanganya na antibodi mbele, mikono yake inajaa, haina tena nafasi ya kushika protini. Soma kwanza karatasi ya maelezo ya antibodi: kama sungura alidungwa protini mzima, peptidi moja haitaziba yote, utapoteza franga bure.

Unga wa peptidi ni kidogo sana na unajishika kwa kifuniko, kwa hiyo zungusha tubu kwa santrifuji kabla ya kufungua. Yeyusha kwa maji safi, 1 mg/ml, ikikataa anza na DMSO (kiyeyushi) kidogo, gawa kwa tubu ndogondogo, tia kwa -20°C. Hapa Bukavu hii ni ya lazima juu umeme ikikatika usiku frigo inayeyuka na asubuhi inagandisha tena, mimi naacha nusu ikiwa unga kavu, inavumilia zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta kipimo cha chini kabisa cha antibodi chenye bado kinaonyesha mstari, juu antibodi ikizidi, peptidi haitatosha kuijaza. Tubu mbili, kila moja antibodi 1 µg ndani ya TBS (bafa ya chumvi) na BSA (protini ya damu ya ngombe): moja ongeza peptidi 5 µg, ingine bafa tu, ujazo uleule. Mara 5 kwa uzito inaonekana kidogo lakini peptidi ya 2 kDa (kipimo cha uzito wa molekuli) ni nyepesi, antibodi ni 150 kDa, kwa hesabu ya molekuli inafika kama 375 kwa moja. Dakika 30 kwa joto la chumba, ao usiku mzima kwa 4°C. Kisha kila moja kwa nusu yake ya membreni, sampuli ileile, muda wa picha uleule.

Mstari wa 92 kDa wa MMP-9 ukipotea na wa 55 kDa ukabaki, ule wa 55 si wa peptidi yako, pitisha na kipande chenye antibodi ya pili (ile yenye inashika ya kwanza ili mstari uonekane) peke yake uone kama njo inauleta.

Lakini mstari kupotea haionyeshe bado kama protini ni yenyewe. Siye tulifurahi na kolajeni, yote ilipotea, tukaandika "safi" kwa daftari. Kumbe peptidi ilitoka katikati, kwenye glisini (asidi amino ndogo) inarudi kila hatua ya tatu, na kolajeni mingi zinafanana pale, kwa hiyo inafuta ya kweli na ya uongo pamoja! Tafuta antibodi ya ncha, kwa telopeptidi (vipande vifupi vya mwisho wa kolajeni). Na ukipata seli zenye hiyo jeni imeondolewa, pitisha kwa geli ileile: mstari ukionekana kule, antibodi inashika kitu ingine hata kama peptidi iliufuta.