Pima udongo kwa kopo kabla ya kupanda maharage palipokuwa na mahindi

Maharage yanaota vizuri, yanafungua majani ya kwanza, mkulima anafurahi. Muda si mrefu kingo za majani ya chini zinageuka njano, kisha zinakauka kama zimebabuliwa na moto. Lawama zinaanza: mbegu mbovu, mbolea haikutosha. Kama shamba lilipigwa atrazini, dawa ya kuua magugu, wakati wa mahindi, mimi hushuku dawa kwanza.

Atrazini haizuii mbegu kuota. Huingia kwa mizizi na kulizuia jani lisijitengenezee chakula kwa mwanga wa jua. Mche huishi kwa akiba ya mbegu, na akiba ikiisha ndipo madhara yanaonekana. Mahindi huweza kuivunja nguvu dawa hiyo ndani ya mmea, maharage hayawezi. Udongoni humalizwa zaidi na vijidudu, navyo vinahitaji joto na unyevu. Kule Mufindi, Makete au Umalila, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Juni hadi Agosti ardhi ni kavu na baridi, kwa hiyo usihesabu miezi tu ukadhani dawa imekwisha.

Pima mwenyewe. Chota udongo wa juu, kina cha sentimita 10, sehemu kumi au zaidi za shamba, uchanganye. Udongo wa mwisho wa mistari, pale mpigaji bomba anapogeukia, uweke peke yake, maana hapo dawa hudondoka mara mbili. Chota na mwingine wa aina hiyohiyo mahali ambapo hapajawahi kupigwa dawa. Bila huo huna cha kulinganisha. Jaza makopo yaliyotobolewa chini, panda maharage sita kila kopo, yaweke juani, mwagilia kiasi. Subiri wiki tatu kamili. Wengi hutazama siku ya nane, wakaona miche imesimama, wakaenda kupanda. Hilo ndilo kosa linalonisikitisha.

Ongeza kopo moja la kila udongo usilopanda kitu, uone magugu. Ikiwa udongo safi umejaa kishona nguo, gugu la majani mapana, na wa shambani umeotesha nyasi tu, hiyo ni dalili nyingine ya dawa, ingawa kwa peke yake haitoshi. Kopo hilo pia hukuonyesha magugu yanayokusubiri, japo si yote: mbegu nyingine hulala udongoni miaka, na zile ndogo huota zaidi zikiwa juu, penye mwanga. Ndiyo maana baada ya mvua za kwanza nashauri uyaache yaote siku kumi hivi, kisha uyaparue kwa jembe juujuu. Ukichimba chini unaleta mbegu nyingine juu.

Miche ya shambani ikiungua na ile ya udongo safi ikabaki kijani, rudisha mahindi au panda mtama pale. Maharage yapeleke shamba lingine, na msimu huu andika daftarini tarehe, dawa na kipimo ulichopiga kila kipande.