SOMO: Cheni ya taimingi ya pikipiki, pima kwanza kabla hujafungua

Wakuu, wengi wetu hapa tuna Boxer au TVS, na injini ikianza kelele hukumu huwa moja tu: "Cheni ya taimingi imekwisha," yaani ile cheni ya ndani ya injini inayozungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu). Niliwahi kununua cheni mpya nikashinda Jumapili nzima nimejaa oili, kumbe tatizo lilikuwa tenshena, kile kifaa kinachoikaza cheni hiyo. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kupima.

Washa injini ikiwa baridi. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Tapeti (vidude vinavyosukuma valvu) hugonga kavu, tik-tik-tik, kutoka juu kwenye kava lake. Cheni hulia kachakacha ubavuni mwa silinda, hasa ukiachia ekseleta ghafla. Kama ni tapeti, rekebisha nafasi yake na kazi imeishia hapo.

Kama ni ubavuni, zima injini, toa plagi na ufungue vifuniko vidogo vya tapeti na vya upande wa sumaku (gurudumu lililo kwenye ncha ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini). Zungusha nati ya sumaku kufuata mzunguko wa injini (kwa nyingi, ukitazama kutoka kushoto ni kinyume cha saa) mpaka herufi T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na alama. Shika tapeti zote mbili. Zikicheza, uko sawa. Zikikaza, ongeza mzunguko mmoja kamili. Hapo valvu zote zimefungwa, kwa hiyo springi zake haziwezi kuirusha kamshafti utakapotoa gia yake, ile inayozungushwa na cheni.

Sasa toa tenshena, kwa kawaida iko nyuma ya silinda. Kijiti chake kikirudi ndani kwa kukisukuma na kidole tu, tenshena imekufa: badilisha hiyo peke yake ujaribu. Kikiwa kimetoka mpaka mwisho, huenda cheni imerefuka. Hakikisha kwa kuinua cheni juu ya gia ya kamshafti. Ikinyanyuka mpaka nusu ya jino inaonekana, kanunue mpya. Vipande vya plastiki kwenye oili ni reli ya kuongozea cheni iliyokatika. Tenshena ikiwa nje, usiwashe wala usipige kiki.

Kubadilisha:

1. Mwaga oili, chomoa betri, toa tangi. Piga picha alama za gia ya juu. Simu yako itakumbuka kuliko wewe.

2. Ziba tundu la cheni kwa kitambaa kabla ya kugusa boliti za gia. Mimi yangu ilidumbukia humo, nikaivua kwa kipande cha sumaku ya spika nilichofunga kwenye waya, saa mbili zikapotea. Kisha funga waya kwenye cheni ili isizame.

3. Fungua kava la sumaku. Kwenye injini nyingi za aina hii cheni iko upande huo. Toa sumaku kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Nyundo hapana, utaharibu sumaku na ncha ya krankshafti. Tunza kii, kile kichuma cha nusu mwezi.

4. Weka cheni na reli mpya. Gia zenye meno yaliyochongoka nazo zibadilishwe, vinginevyo zitaila cheni mpya.

5. Rudisha sumaku na kii yake. T ikiwa mahali pake, vuta cheni upande usio na tenshena ikaze, ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Linganisha alama ya gia na ya hedi (kichwa cha silinda), kaza boliti. Rudisha kijiti cha tenshena ndani, ifunge, kiachie. Utasikia "tak". Kabla ya kurudisha plagi, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, uangalie alama tena. Ikigoma njiani, simama: valvu inagusa pistoni.

Mwagia kamshafti oili, pima tapeti kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi) kufuata kitabu cha pikipiki yako, funga.

MASWALI

Swali: Mkuu, yangu ni ya Kichina, injini ya CG. Muuza spea ananiambia cheni yake imeadimika.
Jibu: Haijaadimika, haipo. CG imetokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, na inatumia pushirodi, yaani fimbo za kusukuma valvu badala ya cheni. Okoa pesa yako, anza na tapeti.

Swali: Fundi wa kijiweni ameongeza washa (pete bapa ya chuma) kwenye tenshena, kelele imeisha. Kuna ubaya?
Jibu: Kelele imefichwa. Cheni iliyorefuka bado inaichelewesha kamshafti, na reli sasa inabanwa kupita kiasi. Siku ikikatika utakumbuka hiyo washa.

Swali: Nimefuata somo, haiwaki. Kiki imekuwa nyepesi kama ya baiskeli.
Jibu: Pumzi hakuna. Usiendelee kupiga kiki. Rudisha T, angalia alama ya gia. Ikiwa sawa, legeza tapeti, huenda zimekaza zikaacha valvu wazi. Vikishindikana vyote, fungua hedi, valvu zitakuwa zimepinda.

Swali: Alama ilikuwa imeruka jino moja, nimerekebisha, imewaka. Lakini bado nasikia tik-tik juu.
Jibu: Umezipima tapeti injini ikiwa ya moto?
Swali: Nilikuwa na haraka, mkuu.
Jibu: Iache ilale. Kesho asubuhi, kabla hujaiwasha, zipime upya.