Kijito Hutunzwa Kuanzia Juu: Ushauri kwa Wakulima wa Malindi

Masika ikikolea, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Matope hayo huletwa na Sabaki, mto uitwao Athi huko juu na Galana ukishapita Tsavo, nasi twapenda kuwalaumu watu wa bara. Lakini kile kijito kipitacho shambani kwako kina mchanga wake, na mchanga huo hautoki Nairobi.

Kila kijito kina eneo linalokilisha. Mpaka wake ni mgongo wa ardhi: tone likianguka upande huu laja kwako, likianguka upande wa pili lamwendea jirani. Mvua ikinyesha, vaa buti upande hadi huko juu, uone maji yanakoanza kujikusanya. Mara nyingi ni kwenye njia ya ng'ombe iliyonyooka kushuka bondeni. Asiyeamini kwamba mfereji mdogo huzaa korongo akaione Nyari, kule Marafa.

Piga hesabu. Mvua ya milimita 25 kwenye ekari moja ni kama lita laki moja. Aliye bondeni hawezi kuyazuia peke yake, hata ajaze magunia ya mchanga ukingoni. Kaeni na majirani wa juu, kazi ianzie kwao.

Pimeni mistari ya kontua, yaani ya usawa ikatayo mteremko, kwa fremu ya A: miti miwili ya mita mbili, mmoja wa kukingama, na jiwe kwenye kamba. Penye udongo mzito chimbeni makingamaji, yaani mitaro yenye matuta kufuata mistari hiyo. Penye mchanga mtupu msijisumbue, matuta hubomoka. Pandeni mistari ya matete au nyasi za vetiva, na kunde katikati ya mahindi ili ardhi isikae uchi. Njia ya ng'ombe ipitishwe mshazari.

Ukingoni usilime. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka hifadhi sawa na upana wa mto, isipungue mita 6 wala kuzidi 30 kila upande. Iacheni nyasi na miti ya asili.

Wenye mashamba karibu na mdomo wa kijito wana shida nyingine: chumvi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bahari hupanda mbali zaidi, na kwa kuwa ni mazito hupita chini ya maji matamu. Kwa hiyo usizamishe mpira wa pampu hadi chini. Ufunge kwenye dumu tupu lililozibwa, mdomo wake uning'inie kama sentimita 30 chini ya uso wa maji, na upige pampu maji ya bahari yakiwa yametoka. Onja kwanza. Yakiwa na chumvi kidogo, mnazi hauna neno; maharagwe yataungua ncha za majani, kwa hivyo maharagwe uyapande shamba la juu zaidi.