Kuchagua na Kufunga Fito za Kurambazia kwenye Mashua Ndogo
Fito za kurambazia (kuvua kwa kuburuta chambo nyuma ya mashua inayokwenda), zinazochomoza kila ubavu wa mashua, hutenganisha mishipi isitatane na kupeleka chambo nje ya povu la injini. Kwa mashua ya mita 6 hivi, fito za mita 4 hadi 5 zinatosha. Alumini ni nyepesi na ngumu, ilhali faibagilasi hunyumbuka mawimbi yanapopiga, nami naipendelea hiyo.

Kabla ya kutoboa, ingiza mkono chini ya ukingo wa mashua, pale ufito utakapofungwa, uhakikishe kuwa hakuna waya wala bomba, kisha ushike ufito mahali unapodhani patafaa na kuukunja kuelekea tezi (nyuma ya mashua), uone kama utamgonga anayeshika usukani. Skrubu pekee hazifai, kwa kuwa nguvu yote ya ufito huishia kwenye kitako chake. Pitisha boliti zisizoshika kutu hadi upande wa pili, ukiweka bamba la alumini nyuma ya nati ili mzigo usambae. Iwapo ukingo una mbao katikati, paka gundi ya kuzuia maji ndani ya kila tundu, maana mbao ikilowa huoza kimyakimya chini ya faibagilasi inayoonekana nzima. Kibanio kinachoshikilia mshipi kwenye ufito kikazwe kiasi cha kuuachia mshipi samaki anapovuta, si kila wimbi linapopita.